Hapo chini ni mita ngapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima kina, ziwani na baharini

Kazi yangu ni kuzamia Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu wa Ziwa Victoria: kukagua nanga za vizimba vya samaki, kuopoa injini za boti zilizodondoka, na mara mojamoja kutafuta kitu ambacho mwenyewe anakililia ufuoni. Nikitoa tu kichwa majini, swali ni lile lile: "Fundi, hapo chini ni mita ngapi?" Zamani nilikuwa najibu kwa namba moja. Siku hizi nauliza kwanza: kwa kipimo gani? Majibu yaliyo hapa nimeyatoa mara nyingi, Dunga, Usenge na hata kwa simu kutoka Naivasha, nikaona heri niyaandike.

Kipima kina kinapima nini hasa?

Hakipimi mita. Mkononi mwako hakuna futi kamba inayofika juu ya maji. Kinachopimwa ni presha, yaani uzito wa kila kilicho juu yako: maji, na juu ya maji hewa yote mpaka angani. Kifaa kinachukua uzito huo na kuugeuza kuwa mita kwa kukisia mambo mawili: maji haya yana uzito gani, na hewa iliyo juu yake ina uzito gani. Aliyekitengeneza alikuwa amekaa pwani. Alikisia maji ya bahari na hewa ya usawa wa bahari.

Baharini hesabu ni nyepesi: kila mita 10 unazoshuka, presha inaongezeka kwa baa 1 hivi (baa ya kipimo, si ile ya Jumamosi). Huku kwetu makisio yote mawili yanakosea.

Maji baridi na maji ya chumvi yanapishana kiasi gani?

Kwanza tuelewane: "maji baridi" hapa ni maji yasiyo na chumvi, hata kama ziwa letu lina nyuzijoto 25.

Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Wafugaji wa Molo na Njoro watanielewa upesi nikisema maji ya bahari yana uzito karibu sawa na maziwa. Ile laktomita anayotumbukiza karani wa maziwa asubuhi ili aone kama umetia maji, itumbukize kwenye maji ya Nyali uone: itaelea karibu na 25, pungufu kidogo tu ya maziwa halali. Itumbukize Ziwa Victoria, itazama mpaka sifuri, kama maziwa ya mwizi aliyekithiri.

Kwa hiyo ili upate baa 1 kwenye maji baridi lazima ushuke mita 10.2 hivi badala ya 10 kasoro. Kifaa kilichopangwa kwa maji ya bahari kikikuambia 20, uko 20.5. Kikikuambia 30, uko karibu 30.8. Vifaa vingi vya kisasa vinavyofuata kanuni ya Ulaya ya EN 13319 vinatumia uzito wa katikati, kilo 1.02 kwa lita, kwa hiyo hukosea kidogo kote kote, baharini na ziwani.

Kumbe nikiwa Kisumu naongeza asilimia mbili na nusu, yameisha?

Yangekuwa yameisha kama ziwa lingekuwa Lamu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwenye usawa wa bahari hewa ina presha ya milibaa 1,013. Kisumu ni karibu 885. Hewa yetu ina upungufu wa milibaa kama 128, na upungufu huo ni sawa na uzito wa mita 1.3 za maji.

Sasa chukua kipima kina cha mshale, kile cha mrija wa shaba uliojikunja ndani ya kasha lililozibwa. Kimezaliwa kikijua sifuri ni 1,013. Hapa juu ya ziwa mshale unataka kurudi nyuma ya sifuri lakini kipini kinauzuia, basi umelala pale kama umefika. Unashuka mita ya kwanza, haujatikisika. Unapita mita 1.3 ndipo unaamka na kuanza kuhesabu. Na ukishaanza unahesabu kwa maji ya bahari.

Nilijifunza hili kwa aibu. Tulikuwa tumeitwa kuopoa injini ya farasi 15 iliyong'oka kwenye mashua ya omena. Nilishuka na kamba ya nanga, nikaikuta kwa kupapasa, maana maji ya ghuba yetu ni ya kijani na mkono wako mwenyewe unaupoteza. Nikaangalia kipima kina changu cha mshale nilichonunua kwa mtu Mombasa: 12. Nikapanda, nikakata kamba mita 13 ili iwe na ziada, nikafunga dumu la lita 5 liwe boya, nikarudi chini kufunga kwenye injini. Nilihisi kamba inavuta kuliko nilivyotarajia, nikadhani ni mawimbi. Tukang'oa nanga, tukaenda ufuoni kuchukua mifuko ya kuinulia. Tuliporudi, dumu hakuna.

Tulizunguka mpaka saa sita mchana. Mwenye injini, mzee mpole, akaanza kuuliza kama kuna mtu tunayemjua ambaye angeweza kuwa amepita. Dumu lilikuwepo muda wote, sentimita sitini chini ya uso wa maji, limevutwa na kamba fupi. Tulilipata pale kasia lilipoligonga. Jioni nikapima kwa kamba yenye alama: mita 13.6. Fanya hesabu: 12 mara 1.025 ni 12.3, ongeza 1.3 ya hewa, unapata 13.6. Kifaa hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinasoma sawasawa kwa mtu wa pwani.

Kanuni ya mdomo kwa Ziwa Victoria, ukiwa na mshale usiorekebishika: ongeza moja ya arobaini, kisha ongeza mita 1.3. Baadhi ya vipima kina vina parafujo ya kurudisha mshale kwenye sifuri; ukiwa nacho, kirekebishe ukiwa ufuoni na utabaki na kosa la chumvi peke yake.

Nina kompyuta ya kuzamia, ile ya kuvaa mkononi kama saa. Yenyewe si inajirekebisha?

Nyingi ndiyo. Zina kihisio cha elektroniki kinachopima hewa iliyopo kabla hujaingia majini na kukiita hicho ndicho sifuri. Mambo mawili yanaharibu.

La kwanza ni kuiwasha ukiwa tayari umo majini. Wengine hutegemea ijiwashe ikilowa. Ukiruka na boti na ikajiwasha uko mita moja, inaweza kuichukua mita hiyo kuwa ndiyo uso wa maji. Iwashe ukiwa umekaa kwenye boti, mkono mkavu, usubiri mpaka isome 0.0.

La pili ni zile za zamani, na baadhi ya za bei nafuu, ambazo lazima uziambie mwenyewe uko mwinuko wa daraja gani. Kitabu chake hutaja madaraja, kwa mfano mpaka mita 300, kisha 300 hadi 1,500, kisha zaidi ya hapo. Kwa mgawanyo kama huo Kisumu ni daraja la pili na Naivasha la tatu. Usimwagize kaka akununulie kifaa ng'ambo kabla hujasoma ukurasa huo.

Nikisahau kubadilisha kutoka chumvi kwenda maji baridi, nitaumia?

Kwa kawaida hapana, na watu wengi hawaamini. Kompyuta haikokotoi naitrojeni mwilini mwako kwa mita, inakokotoa kwa presha. Mita ni za kukuonyesha wewe. Ukiweka "chumvi" ziwani, ubongo wake bado unajua presha halisi. Namba kwenye kioo tu ndiyo inapungua, 19.5 badala ya 20.

Mwinuko ndio wa kuogopa. Ukidanganya mwinuko umeidanganya kuhusu hewa utakayokuja kupumua ukishatoka, na hapo ndipo viputo vya naitrojeni huanza mwilini.

Kwa nini mwinuko unabadilisha majedwali ya kuzamia?

Majedwali hayo hukuambia ukae muda gani kwenye kina gani, na mwinuko unayabadilisha kwa sababu kinachomdhuru mzamiaji ni uwiano wa presha ya chini na presha ya juu anakorudia. Chukua soda. Ukiifungua taratibu inatulia; ukiifungua ghafla mahali penye hewa nyepesi inafoka zaidi. Mzamiaji wa Kisumu anarudia hewa ya 885, wa Diani anarudia 1,013.

Njia ya kawaida ni kuzidisha kina halisi kwa 1,013 gawanya kwa presha ya mahali ulipo. Kwetu ni karibu 1.15. Mita 20 za Ziwa Victoria zinaingia kwenye jedwali kama 23, na kama jedwali lako halina 23 unachukua mstari unaofuata kwenda chini, kamwe si kwenda juu. Ukitaka kuwa mwangalifu wa senti utapunguza kidogo kwa sababu ya maji baridi. Mimi sipunguzi. Hiyo asilimia mbili naiacha iwe akiba yangu.

Kituo cha usalama, pale unaposimama kidogo kabla ya kutoka majini, nacho kinapanda: mita 5 za baharini zinakuwa kama 4.4 hapa. Taasisi nyingi za mafunzo huhesabu kuzamia kwa mwinuko kuanzia mita 300 juu ya bahari, kwa hiyo hakuna ziwa la magharibi au la Bonde la Ufa la Nakuru linalosalimika.

Nimesikia kuhusu kipima kina cha mrija wa kioo. Bado kina maana?

Ni kitu kidogo ninachokipenda. Mrija mwembamba, upande mmoja umezibwa, hewa ndani. Ukishuka, maji yanaisukuma hewa. Mita 10 baharini hewa imebaki nusu, na unasoma pale maji yalipofika. Kwa sababu hewa iliyonaswa ndani ni ya mahali ulipo, ukiwa ziwani mrija hausomi kina halisi, unasoma kina cha jedwali. Uko mita 20, wenyewe unaonyesha 22 na ushee. Hesabu niliyoieleza juu, mrija unaifanya bila betri. Ubaya wake: ukipita mita 12 hivi alama zinabanana mpaka huwezi kuzitofautisha, na kwenye maji yetu ya kijani hata kuziona ni kazi.

Nilikuwa Watamu jana, leo niko Kisumu. Nizamie?

Mwili wako umefika na naitrojeni ya pwani, kana kwamba umeshazamia mara moja. Jipe nusu siku. Kuna wakufunzi wanaoridhika na saa 6, mimi nasubiri 12. Na punguza risasi za kiunoni, zile za kukusaidia kuzama: mtu na mitungi yake akiwa kilo 100, ziwa litamzamisha zaidi kwa kilo mbili na nusu hivi kuliko bahari.

Na nikishazamia Kisumu, naweza kurudi Nakuru jioni ile ile?

Hili ndilo swali ambalo watu hawaliulizi mpaka wawe wameshafika Ahero.

Kila mzamiaji anajua asipande ndege mara baada ya kuzamia: angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja mwepesi, 18 baada ya kadhaa. Sababu ni kwamba ndani ya ndege ya abiria hewa inashushwa mpaka kama ya mlima usiozidi mita 2,400. Sasa itazame barabara. Unatoka ziwani mita 1,134, unapanda Kericho, unapita Mau Summit iliyo zaidi ya mita 2,400, ndipo unateremkia Nakuru kwenye 1,850. Matatu yako imekupeleka juu kuliko hewa ya ndani ya ndege, na hakuna aliyekufunga mkanda kwa ajili hiyo. Anayekwenda Eldoret na kupitia Timboroa anapanda zaidi.

Ni kweli hukuanzia usawa wa bahari, kwa hiyo tofauti unayopanda ni ndogo kuliko ya mtu aliyetoka Mombasa kwa ndege. Bado siichezei. Nikiwa na kazi ya zaidi ya mita 10 nalala Kisumu, nakula samaki wangu, naondoka kesho yake baada ya chakula cha mchana. Mteja akilalamikia gharama ya kitanda, namwambia iko kwenye bei ya kupima kina.

Kamba yenye risasi si ya kizamani?

Kamba ndiyo hakimu. Mabaharia wa pwani waliita ile risasi ya kupimia bildi, na walihesabu kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, kama mita 1.8. (Pima ya mvuvi mrefu wa Rusinga na ya mimi hazilingani, ndiyo sababu tunatumia mita.)

Yangu nimeitengeneza hivi. Kamba ya poliesta iliyosukwa, unene wa milimita 6. Nailoni naikataa kwa sababu inavutika, na ikilowa inabadilika urefu. Niliilowesha usiku kucha, nikaifunga kwenye mti na kuivuta kwa uzito ule ule wa risasi, kilo 3, ndipo nikaweka alama kila mita kwa uzi mwekundu, na kila mita tano kipande cha ngozi, ili niisome kwa vidole gizani. Mita zinaanza kuhesabiwa kwenye kitako cha risasi. Ukianzia kwenye fundo unapoteza urefu wa risasi yenyewe, na nimeona watu wazima wakigombana kwa sentimita 15 hizo.

Kosa kubwa la kamba ni kulala. Boti ikisukumwa na upepo kamba inakwenda mshazari, nayo ya mshazari daima husema kina ni kikubwa kuliko kilivyo. Pima asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka. Kosa la pili ni tope. Chini ya ghuba tope ni laini kama uji, risasi inazama ndani yake. Inyanyue kidogo mpaka uhisi uzito umerudi mkononi, shusha taratibu, soma mguso wa kwanza.

Sona ya boti inaaminika?

Ile mashine ya mwangwi hupima muda wa sauti kwenda na kurudi, na nyingi hukisia sauti inakwenda mita 1,500 kwa sekunde. Ajabu ni kwamba hapa ziwa limependelewa: kwenye maji baridi ya nyuzi 25 sauti inakwenda karibu 1,497, kosa lisiloonekana. Kwenye bahari ya joto la namna hiyo inakwenda kama 1,534, kwa hiyo sona isiyorekebishwa huko pwani huonyesha pungufu kwa asilimia mbili.

Usisahau kwamba inapima kuanzia pale kihisio kilipofungwa. Kikiwa nusu mita chini ya maji, ongeza nusu mita. Na magugu maji yakiwa chini ya boti, utasoma kina cha magugu.

Mbona kina nilichopima hakilingani na ramani?

Kwa sababu ziwa linapanda na kushuka. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa mita mbili na nusu hivi, na mwaka 2020 lilirudi kwenye kilele hicho, wenye nyumba za ufuoni wanakumbuka. Ramani ina tarehe. Itafute kabla ya kubishana nayo.

Mtu mmoja alinionyesha habari kwamba ziwa "limefika mita 13", akaniuliza vipi basi watu wanasema lina mita 80. Ile 13 ni usomaji wa kipimo cha Jinja, Uganda, yaani uso wa maji uko juu ya alama fulani kwa mita hizo. Haihusiani na umbali wa kwenda chini. Zile 80 na kidogo ndicho kina kikubwa kabisa, mbali huko nje. Ghuba yetu sehemu kubwa ni mita chache tu.

Na maziwa ya Nakuru?

Naivasha ni maji baridi na iko karibu mita 1,885, hewa kama milibaa 806. Mshale wa pwani utakaa kimya kwa mita 2.1 kabla haujaamka, na kizidishi cha jedwali ni karibu 1.26. Viboko ni suala jingine, nalo litangulie.

Ziwa Nakuru liko ndani ya mbuga, ni la magadi na halina kina cha kumfaa mzamiaji. Anayetaka tu kujua kina atumie kamba, kwa ruhusa, akiwa ndani ya boti. Maji ya magadi uzito wake hutegemea mvua za miaka ya karibuni, kwa hiyo hakuna namba moja ya kukupa. Chota lita, tumia laktomita.

Kifaa nikivae wapi?

Popote, ila ujue kinasoma pale kilipo. Ukiwa umesimama chini na mkono umeuinua kushika kamba, saa iko mita moja na nusu juu ya miguu yako. Nikitaka kina cha sakafu naigusisha saa kwenye tope.

Nimepata namba mbili tofauti. Niandike ipi?

Andika zote, na kando ya kila moja andika kifaa. Daftari langu la ile injini, nilipoirudia na saa ya elektroniki iliyowekwa "chumvi", linasema: kamba 13.6, saa 13.3, mshale 12. Mwenye boya akate kamba kwa ile ya kwanza, na aongeze mita mbili.